Debe Tupu Haliachi Kuvuma: Namna ya Kupima Amplifaya ya Gitaa

Bila shaka wengi wenu mngali mnaikumbuka ile Jumamosi ya muhula wa kwanza ambapo chama cha muziki kiliifungulia amplifaya yetu bwaloni kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mpya kwetu tu, kwani ilinunuliwa ikiwa imetumika, kwa pesa tulizochangishana wenyewe na kuongezewa na wazazi. Siku hiyo vikombe vilitetemeka mezani. Mpishi alitoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akidhani mtungi wa gesi umelipuka. Nusu saa haikuisha kabla mzee jirani, mwenye shamba la mahindi nyuma ya ua wa shule, hajafika langoni kumuuliza askari kama siku hizi hapa Kiplombe tunafundishwa vita.

Jumatatu asubuhi gwarideni, mwalimu mkuu hakuzunguka mbuyu. Alisema, "Hicho chombo kitarudi kilikotoka mwisho wa mwezi, isipokuwa mtu anieleze kwa nini ni lazima kipige kelele namna ile."

Basi tukagawanyika makundi mawili. Wapiga gitaa walishikilia kwamba sauti ile haiwezi kuwa tamu bila kuwa kubwa, na kwamba ukiipunguza inakuwa kama mbu ndani ya chupa. Kundi la pili, wakiwemo waimbaji wetu, walisema ile si sauti, ni fujo tupu. Mabishano yaliendelea hadi bweni, taa zikazimwa watu wakiwa bado wanabishana. Mlezi wa chama, ambaye pia hutufunza fizikia, alipoyasikia alicheka, akasema, "Mnabishana bure. Kitu kinachoweza kupimwa hakibishaniwi. Pimeni."

Tukapima Jumamosi tatu mfululizo. Mhariri ameniomba niyaeleze tuliyoyafanya ili yeyote atakayekabidhiwa amplifaya kama ile, iwe shuleni, kanisani ama nyumbani, asipotezwe na masikio yake jinsi yetu yalivyotupoteza.

Mkwaruzo ni kitu gani?

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Gitaa la umeme halina tumbo la kuvumisha sauti kama gitaa la kawaida. Chini ya nyuzi zake mna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba sana. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku hizo, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya, nao hupita kwenye kebo hadi kwa amplifaya. Kazi ya amplifaya ni kuukuza umeme huo mpaka uwe na nguvu ya kusukuma karatasi ya spika.

Wazee wetu wa muziki walikitaka chombo hiki kwa jambo moja: sauti safi ifike mbali. Fundi Konde alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme, na sauti yake ilikuwa laini. Katika benga ya Shirati Jazz ya marehemu D. O. Misiani, aliyefariki mwaka wa 2006, kila uzi husikika peke yake kama matone ya mvua kwenye bati. Mkwaruzo mwingi ukiutia hapo, umeiua benga.

Lakini ng'ambo walikuwako vijana waliopenda sauti ya chombo kilichozidiwa. Mwaka wa 1958, Mmarekani Link Wray alirekodi wimbo kwa kutumia spika aliyoitoboatoboa. Mwaka wa 1964, Dave Davies wa kundi la The Kinks kule Uingereza aliikata karatasi ya spika yake kwa wembe ili ikwaruze. Wakati huohuo Jim Marshall, aliyekuwa na duka la ala za muziki jijini London, alikuwa ameanza kutengeneza amplifaya kuanzia mwaka wa 1962, na wapiga gitaa wakagundua kwamba zikifunguliwa sana hunguruma vizuri. Miaka ilivyosonga, mafundi waliacha kungoja amplifaya izidiwe kwa bahati. Waliongeza hatua za kuukuza umeme moja baada ya nyingine, ili mkwaruzo upatikane hata sauti ikiwa ya chini. Hizo ndizo amplifaya za geini kubwa, na yetu ni ya ukoo huo. Hapa kwetu Kenya pia wako wanaozitumia: makundi ya Nairobi kama Parking Lot Grass na Last Year's Tragedy yalijijengea jina kwa muziki wa namna hiyo.

Sasa, ndani ya amplifaya hutokea nini? Twende sokoni. Mwenye duka anapokuuzia mahindi, humimina ndani ya gorogoro hadi yakafanya kilima juu yake. Kisha huchukua kijiti na kukikwangua kile kilima, kikawa bapa. Amplifaya nayo ina gorogoro yake, yaani kiwango cha umeme isichoweza kukipita. Wimbi la sauti likiwa dogo, linaingia na kutoka na umbo lake la mviringo. Likiwa kubwa kuliko gorogoro, kichwa chake hukwanguliwa. Wimbi lililokwanguliwa kichwa si sauti ileile tena, kwa maana limezaa sauti nyingine ambazo hazikuwamo. Uzi mnene wa gitaa hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde, yaani hezi 82. Ukikwanguliwa, zile za hezi 164, 246, 328 na kuendelea hupata nguvu mpya. Msongamano huo ndio masikio yetu huuita mkwaruzo.

Kumbukeni gorogoro hiyo, maana imebeba siri yote ya makala haya. Gorogoro ikishajaa, hata umimine gunia zima, kitakachobaki ndani ni kilekile. Ya ziada humwagika chini.

Amplifaya yetu ina vifundo viwili, vile vya kuzungusha kama vya redio, ambavyo watu wengi huvichanganya. Cha kwanza ni geini, nacho huamua mahindi yanayomiminwa ni mengi kiasi gani. Cha mwisho ni masta, nacho huamua ni gorogoro ngapi zitoke nje kwa mteja. Geini hutawala mkwaruzo. Masta hutawala kishindo. Jumamosi ile ya kwanza sisi tulivifungua vyote viwili hadi mwisho, ati ndipo tujue mashine ina nini.

Kabla ya kuwasha

Umeme wetu ni volti 240, na hauna mchezo. Mlezi alikataa hata kugusa swichi kabla hajahakikisha mambo matatu. Kwanza, aliangalia maandishi yaliyo nyuma ya amplifaya. Amplifaya nyingi zilizotumika hutoka Marekani, ambako umeme ni volti 120. Ukiichomeka hapa bila transfoma ya kupunguza, itaungua hapohapo. Pili, aliangalia kwamba plagi ina miguu yake yote mitatu na waya wa udongo haujakatwa. Kuna watu huukata ili kuondoa mvumo. Usithubutu! Nyuzi za gitaa ni chuma na zimeungana na amplifaya. Umeme ukivuja, njia yake ya kushuka ardhini itakuwa mwili wako. Tatu, aliangalia kwamba spika imeunganishwa. Amplifaya ya valvu ikiwashwa na kupigwa bila spika huweza kujiharibu yenyewe. Yetu ni ya transista, lakini desturi nzuri haidhuru.

Jaribio la kwanza: kusikiliza kimya

Mnashangaa? Sauti hupimwa kwanza kwa kunyamaza. Tuliweka geini katikati, tukachomeka gitaa, mpigaji akafunika nyuzi zote kwa kiganja. Tukasikiliza. Kulikuwa na mvumo wa chini, "mmmm", na juu yake mchirizo, "shhhh".

Mvumo ni wa umeme wa Kenya wenyewe, ambao huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, nao husikika kama hezi 50 na 100. Unaingia kupitia ule waya uliozungushiwa sumaku za gitaa, ambao hunasa kila kitu kama aria ya redio. Tulipozima zile taa ndefu za bwaloni, mvumo ulipungua sana. Mpigaji alipogeuka robo mzunguko pale pale aliposimama, ukapungua tena. Ndiyo sababu mwaka wa 1955 fundi Seth Lover wa kampuni ya Gibson alibuni sumaku za waya pacha, zilizozungushwa ili mvumo wa waya mmoja uuzime ule wa mwenzake. Gitaa lenye waya pacha ndilo linalofaa amplifaya ya geini kubwa.

Kisha tukaipandisha geini polepole, masta ikiwa palepale. Hapa ndipo tulipata somo la kwanza. Kutoka sifuri hadi nne, gitaa lilizidi kukwaruza na kuongezeka ukubwa. Kutoka sita hadi kumi, gitaa halikuongezeka ukubwa kwa kiasi cha kusikika, ila mvumo na mchirizo viliongezeka ajabu. Gorogoro ilikuwa imeshajaa. Tulichokuwa tukimimina sasa ni makapi tu, kwa sababu amplifaya haichagui. Huukuza mvumo sawa na inavyoukuza uzi.

Jaribio la pili: vidole haviwezi kudanganya

Ili kupima utamu wa mkwaruzo tulitumia mambo matatu tu, na yeyote anaweza kuyafanya.

La kwanza, pigeni uzi mnene huku ubavu wa kiganja umeugusa karibu na daraja la gitaa. Panapaswa kutoka "jug, jug, jug", kila pigo na mwanzo wake na mwisho wake. Geini ilipokuwa tisa, yetu ilitoa "jruuuu" moja ndefu, kama trekta linalokataa kuwaka. Ilipokuwa tano, mapigo yakahesabika.

La pili, pigeni sauti mbili pamoja, ya msingi na ile ya tano juu yake. Kisha pigeni kodi kamili ya nyuzi sita. Sauti mbili hutoka imara hata mkwaruzo ukiwa mwingi. Kodi kamili huvurugika, kwa kuwa sauti zikikwanguliwa pamoja huzaana: kila mbili huzaa jumla na tofauti za mitetemo yao, na hao watoto si wote wanaopatana na wazazi. Kama kodi kamili inakuwa uji, si lazima amplifaya iwe mbovu. Huenda umezidisha geini.

La tatu, punguzeni kifundo cha sauti kilicho kwenye gitaa lenyewe, bila kugusa amplifaya. Amplifaya njema husafika kidogo kidogo, ikawa kama mtu anayeacha kupiga kelele na kuanza kuongea. Ile isiyofaa hunyamaza tu. Yetu, geini ikiwa tano, ilisafika. Ikiwa tisa haikusafika kamwe.

Kishindo kwa hesabu

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake si ya kujumlisha kama ya sukari dukani. Ukiongeza nguvu ya amplifaya maradufu, unapata desibeli 3 tu zaidi. Ili sikio liseme "sasa ni kubwa mara mbili", unahitaji desibeli 10 hivi, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo amplifaya ya wati 100 haina kishindo mara mbili ya ile ya wati 50. Wanaojigamba kwa wati wanajigamba kwa desibeli 3.

Spika nyingi za gitaa za inchi 12, ukizipa wati 1 tu, hutoa desibeli zipatazo 98 ukiwa umbali wa mita 1. Amplifaya yetu ni ya wati 50. Wati 10 ni 108. Wati 50 ni 115. Sauti ikisafiri uwanjani hupoteza desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu: mita 2 ni 109, mita 4 ni 103, mita 8 ni 97. Ndani ya bwalo haipungui hivyo, kwa maana kuta na bati huirudisha.

Tukaendeleza hesabu hadi kwa mzee jirani. Mita 128 kutoka kwenye spika, kama hakuna kitu cha kuizuia, bado zimebaki desibeli 73. Sasa sikilizeni sheria. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira ya Kenya huweka kiwango cha desibeli 50 mchana nje ya nyumba mahali pa makao, na 35 usiku, na usiku wenyewe huanza saa mbili. Hivyo ni viwango vya wastani wa muda mrefu, si vya sekunde moja. Hata hivyo 73 kwa 50 ni mbali mno. Mzee hakuwa mkorofi. Alikuwa na haki yake.

Ili kutoka 73 hadi 50 ni lazima tushushe desibeli 23, yaani nguvu igawanywe kwa 200. Wati 50 ukizigawanya kwa 200, unapata robo ya wati! Wapiga gitaa wakaguna, "Robo wati? Si hata redio ya bibi ni kubwa kuliko hiyo!" Mlezi akawaambia wafanye hesabu ya kurudi: robo wati kwenye spika yetu, mita 1, ni desibeli 92. Hiyo ni sauti ya kutosha kabisa kwa mazoezi. Mbu ndani ya chupa hafiki 92.

Masikio hayaoti tena

Hapa naomba niseme jambo langu mwenyewe. Ile Jumamosi ya kwanza nilikuwa nimesimama mbele ya spika, hatua mbili hivi, kwa muda wa nusu saa nzima. Nilijiona shujaa. Jioni wakati wa masomo ya usiku masikio yalilia "niiiii" bila kukoma. Kesho yake asubuhi mwalimu wa zamu aliita jina langu, sikumsikia. Akaita tena. Mwenzangu akanisukuma kwa kiwiko. Mlio uliondoka siku ya tatu, nami nikasema afueni, yamepona.

Kumbe nilikuwa nimecheza na moto. Ndani ya sikio mna chembechembe zenye vinyweleo vidogo sana ambazo hugeuza mtetemo kuwa habari ya ubongo. Sauti kubwa huzilaza kama upepo unavyolaza ngano. Zikilazwa kidogo, huinuka. Zikivunjwa, hazioti tena maishani. Hakuna dawa wala upasuaji wa kuzirudisha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka wa 2021 kwamba vijana zaidi ya bilioni moja wamo hatarini kuharibu masikio yao kwa kusikiliza sauti kubwa.

Wataalamu wa afya kazini wa Marekani hutumia kanuni hii: desibeli 85 kwa saa 8, na kila ukiongeza 3, muda unakatwa nusu. Desibeli 88, saa 4. 91, saa 2. 94, saa 1. 100, dakika 15. Endeleeni hadi 115 mtaona kwamba siku nzima ya masikio yenu inaisha kabla ya nusu dakika. Mimi nilikaa nusu saa. Pamba haisaidii sana. Vizibo vya sponji vya masikio, vikiingizwa vizuri, husaidia. Lakini kinga ya kwanza ni kile kifundo cha masta.

Jaribio la tatu: kura ya macho yaliyofumbwa

Jumamosi ya pili tukaja kwenye mzizi wa mabishano: je, sauti kubwa ndiyo tamu? Tulimweka mpigaji nyuma ya pazia la jukwaa. Darasa zima la kidato cha pili likakaa bwaloni macho yamefumbwa. Mpigaji alipiga wimbo mmoja mfupi mara mbili: mpangilio A, geini tisa, mpangilio B, geini tano. Mara ya kwanza tulimwambia aipandishe A kidogo kwa masta, bila kusema lolote kwa wasikilizaji. Wengi wakainua mikono kwa A. "Ina nguvu," walisema. "Imeshiba."

Kisha tukazisawazisha. Mlezi aliweka simu yake mezani, yenye programu ya kupima desibeli, na masta ikarekebishwa hadi A na B zikasoma sawa. Simu si kipimo cha maabara, lakini yatosha kulinganisha sauti mbili mahali pamoja. Kura ikarudiwa. Mikono iliyoinuliwa kwa B ilikuwa mingi kuliko ya A! Walewale, wimbo uleule, gitaa lilelile.

Sababu yake inajulikana tangu mwaka wa 1933, Fletcher na Munson wa maabara za Bell kule Marekani walipoonyesha kwamba sikio la binadamu halisikii sauti zote sawa. Sauti ikiwa ya chini, sikio huwa zito kwa besi na kwa zile nyembamba kabisa. Sauti ikipanda, besi hujitokeza na kila kitu kikaonekana kimenenepa. Kwa hiyo ukilinganisha amplifaya mbili na moja imeizidi nyenzake kwa desibeli chache tu, utaichagua ile kubwa na kuapa kwamba ina toni bora. Wauzaji wengine wanaijua siri hii. Mkienda kununua, sawazisheni kwanza.

Kutokana na hayo kuna onyo la pili: mpangilio uliouona mtamu kwa sauti ya chini chumbani hautakuwa mtamu bwaloni. Pimeni kwa kishindo mtakachokitumia.

Kumbe kosa lilikuwa magotini

Jumamosi ya tatu ndiyo iliyotufungua macho. Mpiga gitaa wetu alikuwa akilalamika kwamba sauti ni nzito, haina makali, ndiyo maana huongeza trebo hadi tisa na masta juu yake. Waliokaa viti vya mbele nao walilalamika kwamba sauti inawatoboa kama msumari. Iweje sauti moja iwe nzito na iwe msumari?

Mlezi akamwambia mpigaji, "Chuchumaa mbele ya spika." Alipochuchumaa, aliruka nyuma. "Haiya! Kwani ni hii mnaskianga?"

Jibu ni hili. Sauti za besi husambaa kila upande kama maji yaliyomwagika. Zile nyembamba huenda moja kwa moja kama mwangaza wa tochi. Amplifaya yetu ilikuwa sakafuni, ikiangalia magoti ya mpigaji na masikio ya waliokaa mbele. Yeye alisimama juu ya tochi, gizani. Wao walimulikwa machoni. Kadiri alivyoongeza, ndivyo walivyoumia, na yeye bado hakusikia anachokitafuta. Tuliipandisha juu ya meza moja ya darasa na kuiegemeza nyuma kidogo ili imtazame mpigaji mwenyewe. Hapohapo, bila kuambiwa, akashusha trebo hadi tano na masta chini ya nusu ya ilivyokuwa. Alikuwa anasikia.

Mwisho tukaita besi na ngoma. Wapenzi wa mkwaruzo huwa na tabia ya kuziondoa sauti za kati, kwa vile mtu akiwa peke yake husikika vizuri hivyo. Lakini gitaa la besi lina uzi wa hezi 41, na ngoma kubwa iko huko huko chini, nayo matoazi yameshika juu. Gitaa likiacha nafasi yake ya kati, linamezwa pande zote mbili, na mpigaji hukimbilia masta tena. Tulipozirudisha sauti za kati hadi sita na kupunguza besi hadi nne, gitaa lilitokeza bila kuongezwa kitu.

Hukumu

Tulimwalika mwalimu mkuu siku hiyohiyo. Geini tano, besi nne, kati sita, trebo tano, masta mbili, amplifaya mezani. Alisikiliza wimbo mzima amekunja mikono. Kisha akatoka nje, akapita nyuma ya bweni hadi uani, sisi tukimfuata, huku mpigaji akiendelea bwaloni. Mzee jirani alikuwa akipalilia.

"Habari ya mchana, mzee? Unaisikia?"

"Naskia kwa mbali," akajibu mzee. "Hiyo sasa ni muziki. Ile ingine ilifanya ng'ombe yangu ikakataa kutoa maziwa."

Mwalimu mkuu hakutusifu. Alisema tu kwamba chombo kitabaki, kwa masharti: kisipigwe baada ya saa kumi na mbili jioni, masta isipite alama, na atakayeipitisha atakuwa ameirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Tulibandika plasta nyeupe pembeni mwa kila kifundo na kuandika mstari kwa kalamu. Mistari hiyo ingalipo, nendeni muione.

Nao wapiga gitaa wetu? Mmoja wao, aliyekuwa mkali kabisa katika yale mabishano ya bwenini, sasa ndiye anayeshusha masta za wenzake. Nilimuuliza kilichombadilisha. Akaniambia kwamba sasa anasikia makosa yake. Pale zamani kelele ilikuwa inamfichia.

Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Amplifaya yetu si debe tupu. Sisi ndio tulikuwa tunaipiga kama debe.